Mguu wa Kulia wa Tage Brogaard

Kwa miaka thelathini na minne Tage Brogaard aliendesha basi kutoka stesheni ya Nørrevig hadi gatini, na kwa miaka yote hiyo hakuna abiria aliyemwagikiwa na kahawa. Hilo alijivunia kuliko kitu kingine. Asubuhi aliweka kikombe chake juu ya dashibodi, kimejaa hadi ukingoni, bila kifuniko, na hakuna tone lililotoka ila lile alilokunywa mwenyewe. Breki alianza kuikanyaga mapema, polepole, kama mtu anayemlaza mtoto aliyekwisha kusinzia. Bibi Thorborg, aliyepanda kila siku na mifuko yake miwili, alikuwa akisema hajui basi la Tage husimama saa ngapi. Anachojua ni kwamba mlango umefunguka.

Mimi nilianza kupanda basi hilo mwaka uleule alioanza kuliendesha, nilipoacha shule na kwenda kukata samaki gatini. Siku hizi mgongo hauniruhusu tena kazi ya samaki, kwa hiyo natunza uwanja wa shabaha. Nakata majani, nachemsha kahawa, na wenzangu wakija kufanya mazoezi nakaa kibandani na kubonyeza kitufe kinachorusha visahani. Ni visahani vya udongo, vyeusi, vyenye ukubwa wa kiganja. Vinaruka kasi kama bata aliyeshtuliwa, na mpigaji hana budi kukivunja kila kimoja kikiwa bado hewani kwa bunduki ya marisau, zile punje ndogo za risasi zinazotawanyika.

Chama chetu ni cha watu sita wanaokodi kinamasi cha Rørkær kwa ajili ya bata wa vuli. Kanuni kali kuliko zote chamani aliileta Tage mwenyewe. Miaka tisa iliyopita mgeni wetu mmoja alipiga ovyo kwenye kundi lililokuwa mbali mno, na bata watatu wakaangukia kwenye matete wakiwa hai. Tage na mbwa wake waliwatafuta hadi wakalowa viunoni. Walimpata mmoja tu, tena kesho yake, akiwa bado anapumua. Kwenye mkutano mkuu, Tage, ambaye kwa kawaida mikutanoni alifungua mdomo kwa ajili ya maandazi tu, alisimama akasema kila mwanachama apimwe mwezi wa Mei: visahani ishirini, avunje kumi na vinne. Asiyefikisha, vuli ile atabeba fimbo ya kufukuzia bata na bunduki ataiacha nyumbani. Akishindwa miaka mitatu mfululizo, nafasi yake apewe mtu wa kwanza kwenye orodha ya wanaosubiri.

"Na iandikwe," alisema, "ili hata mimi mwenyewe nisije nikaisahau."

Sote tuliinua mikono. Wakati huo Tage alikuwa akivunja kumi na sita, kumi na saba, bila jasho.

Kisha akastaafu. Mei ya kwanza baada ya kustaafu alivunja kumi na kimoja, na Mei ya pili tisa. Vuli mbili tulimwona akitembea kwenye matete na fimbo yake, akiwafukuzia wenzake bata, na hakulalamika. Ila alikuwa hali tena chakula cha mchana pamoja nasi. Alikaa garini na mbwa.

Sasa ilikuwa masika ya tatu. Wa kwanza kwenye orodha alikuwa Dorthe Skaarup, daktari wa meno, mwanamke wa miaka arobaini hivi ambaye alivunja kumi na vinane hata siku za mvua ya ubavuni. Dorthe hakuwa na ubaya na mtu, lakini ulimi wake haukupoa.

"Mzee Tage," alimwambia siku moja ya Aprili, "mimi buti nimeshanunua. Nimezipaka na mafuta."

"Zipake tena," Tage akajibu. "Mafuta hukauka mtu akingoja sana."

Walicheka wote wawili. Lakini nilimwona Tage akigeuka upande na kupangusa miwani ambayo haikuwa na vumbi.

Alikuwa amejaribu kila kitu. Alibadilisha risasi. Alinunua miwani ya njano, eti kisahani kitaonekana vizuri. Alikata kitako cha bunduki kwa upana wa kidole, halafu baada ya wiki mbili akakibandika tena kile kipande. Kila juma alikuja na dawa mpya, na kila mtu alikuwa na ushauri wake. Mwenyekiti wetu, Verner, mfugaji wa nguruwe mwenye sauti ya kuitia ng'ambo ya ghuba, alikuwa na ushauri mmoja tu.

"Mbele zaidi, bwana! Piga mbele ya kisahani!"

"Verner, nikienda mbele zaidi nitafika Uswidi."

"Basi fika! Salimia!"

Ukweli ni kwamba Verner hakukosea sana. Marisau ya Tage yalipita nyuma ya kisahani, karibu kila mara. Ila hakuna aliyejua sababu, kwa kuwa wote waliutazama mtutu, wakatazama mabega, wakatazama anga.

Mimi natazama buti. Kibanda changu kiko pembeni, kimezikwa nusu yake ardhini, na dirisha lake liko usawa wa majani. Nikiwa nimekaa kwenye kiti changu, mtu aliyesimama kwenye nafasi ya kupigia namwona kuanzia kwenye visigino, na uso wake sharti niinamishe kichwa ndipo niuone. Wanachama wote nawajua kwa miguu. Mpigaji mzuri uzito wake huegemea mguu wa mbele, wa kushoto, na ule wa nyuma hugusa tu ardhi, kama mtu anayetaka kuchungulia juu ya ua. Kisahani kinatoka, kiuno kinazunguka, bunduki inakifuata, inakipita, mlio unatoka, na bunduki bado inaendelea kwenda kama vile hakuna kilichotokea.

Tage alianza hivyohivyo. Aliipokea bunduki vizuri begani, shavu limelala kwenye kitako, kiuno kinazunguka. Kisha, kabla tu ya mlio, kidole gumba cha mguu wa kulia kilishuka. Polepole, kwa upole, mapema kidogo. Uzito wote ukarudi nyuma, kiuno kikagoma, bunduki ikasimama. Na bunduki ikisimama, marisau hufika pale kisahani kilipokuwa, wakati chenyewe kimeshakwenda zake.

Niliiona hali hiyo tangu Julai ya mwaka uliotangulia. Sikusema. Mimi sijawahi kuvunja kisahani hata kimoja, na Tage alikuwa akipiga tangu nikiwa mtoto. Nilijiambia si mahali pangu. Nilingoja mtu mwingine aone. Hakuna aliyeona. Alhamisi moja mwishoni mwa Aprili, wiki nne kabla ya kipimo, Tage alivunja saba kati ya ishirini, akafungua bunduki, akakaa kwenye benchi na kusema bila kumtazama mtu, "Labda nimwachie Dorthe tu, tusisumbuane."

Nilitoka kibandani. Masikio yalikuwa yananiwaka moto.

"Tage," nikasema, "unakanyaga breki."

"Nini?"

"Breki. Unaikanyaga. Kabla ya kupiga."

Verner aliangua kicheko. "Breki gani, Anker? Hapa kuna majani matupu!"

Nilimshika Tage mkono nikampeleka pale alipokuwa amesimama, nikamwonyesha. Nyayo za wengine zilikuwa zimelaza majani tu. Lakini mahali pa mguu wake wa kulia, upande wa vidole, palikuwa na shimo linaloweza kubeba kikombe kizima cha kahawa.

Verner aliinama. "Kumbe ni wewe! Mimi nimemtegea fuko hapa mwezi mzima!"

Tage hakucheka. Alisimama pale pale, akainua mikono kana kwamba ameshika bunduki, akafuata kisahani ambacho hakikuwepo. Mguu ukashuka. Akautazama kama mtu anayemtazama mbwa wake akila kuku wa jirani.

Wakati huo mkewe Rigmor alikuwa ameshafika na gari kumchukua, na alikuwa amesikia yote akiwa kwenye lango.

"Mimi nimemwambia miaka miwili!" akasema. "Nikiendesha gari, yeye anakanyaga sakafu upande wa abiria. Zulia limetoboka. Mezani naye ni hivyohivyo. Mbwa amehama upande wake, sasa analala miguuni pangu."

"Mama, hilo la mezani hujaniambia."

"Nimekwambia, baba. Ulikuwa unasimama kituoni."

Hapo ndipo Tage alipoanza kucheka, na alipoanza hakuweza kuacha. Alisema sasa ameelewa. Alipokuwa kazini, mguu ule ulikanyaga breki mara mia tatu kwa siku, na jioni akija uwanjani ulikuwa umechoka, unataka kupumzika. "Nikastaafu mimi. Mguu hakuna aliyeuuliza. Bado unatafuta kazi."

Rigmor ndiye aliyeleta yai. Alifuga kuku kumi na wawili, na Jumanne iliyofuata alimfungia Tage mayai sita kwenye boksi. Maelekezo yalikuwa mafupi: yai moja liwekwe kwenye kijishimo, wayo wa mguu wa kulia ulikalie bila kuliwekea uzito, halafu apige. Yai likipasuka, breki imekanyagwa.

Mayai matatu yalikufa kwenye visahani vitatu vya kwanza. La nne lilikufa kabla hata hajasema "Rusha!"

"Usiongeze chumvi," Verner akamwambia. "Mabaki nitawapelekea nguruwe wangu, na chumvi hawaipendi."

Dorthe alikuwapo siku hiyo, akanywa kahawa yake hadi yai la tano lilipopasuka. Kisha akaweka kikombe chini, akaenda kusimama nyuma ya Tage.

"Mzee, hebu acha vitu vyote vingine," akamwambia. "Vua hiyo miwani ya njano. Rudi kwenye risasi zako za zamani. Usitazame mtutu, tazama ukingo wa mbele wa kisahani. Kila kitu kiwe kilekile kila mara, ufikirie jambo moja tu. Yai."

"Kwa nini unanisaidia wewe? Nafasi si unaitaka?"

"Naitaka. Lakini sitaki kupewa na fuko."

Kuanzia hapo Dorthe alikuja kila Jumanne na Alhamisi. Nyumbani, Rigmor alisema, Tage alisimama mbele ya kioo cha ukumbini kila asubuhi, akiiinua bunduki tupu begani mara hamsini, yai chini ya mguu, na mbwa amekaa karibu akisubiri bahati yake. Nyumba nzima haikula keki wiki tatu. Katikati ya Mei yai moja lilimaliza visahani ishirini likiwa zima, na kumi na tano vilivunjika. Tage alilibeba hadi nyumbani mfukoni, akalichemsha, akalila na mkate mweusi.

Siku ya kipimo ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa Mei. Bendera ilikuwa juu ya mlingoti, upepo wa magharibi ulikuwa wa kawaida, yaani kofia ilikuwa inashikwa kwa mkono. Tage alipoitwa, alitembea hadi nafasi ya kupigia, akapiga goti, akaweka yai kwenye shimo.

"Ngoja kwanza," Verner akasema. Alikuwa ameshika kitabu cha kanuni, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa anaongea kwa sauti ndogo. "Samahani, bwana. Hapa imeandikwa mpigaji asimame bila msaada wa kitu chochote chini ya miguu."

"Nani ameandika hivyo?"

"Wewe."

Tage alitazama kitabu. Mwandiko ulikuwa wake kweli. Aliliokota yai, akampa Rigmor, akasimama juu ya majani.

Kisahani cha kwanza: mguu ulishuka, kisahani kikaenda. Cha pili kilivunjika. Cha tatu kikaenda. Cha nne kikaenda. Mimi kibandani nilikuwa nimeshika kitufe kwa mikono yote miwili. Vilibaki kumi na sita, naye alihitaji kumi na vitatu. Rigmor alikuwa amelishika lile yai mkononi, na wala hakujua kwamba analibana.

Tage alifungua bunduki na kuomba dakika moja. Aliangalia angani, akaangalia miguu yake. Aliporudi kwenye nafasi yake, nilimsikia akinong'ona jambo kabla hajaita. Kwa kuwa upepo ulikuwa unavuma kuja kwangu, nilisikia vizuri.

"Stesheni. Hakuna abiria."

"Rusha!"

Kisahani kikapasuka katikati.

"Benki. Hakuna abiria. Rusha!"

Kikawa vumbi.

Nilijua mara moja anachofanya, kwa sababu njia ile niliipita miaka mingi kama yeye. Alikuwa anaendesha basi. Dereva akifika kituo kisicho na mtu, hagusi breki, anapita tu. Kwa hiyo kila kisahani alikifanya kituo kitupu, na mguu, ambao ulikuwa haumsikii mwenye nao, uliisikia ratiba. Ukatulia juu ya majani kama jani lingine.

"Kanisani. Hakuna abiria. Rusha!" Kikavunjika.

"Kwa Thorborg. Hakuna abiria. Rusha!"

Mguu ukashuka hadi kwenye udongo. Kisahani kikaenda zake kizima hadi uwanjani kwa jirani.

"Ah!" Verner akasema.

"Huwezi kumpita Thorborg," Tage akasema, bila kumlaumu mtu. "Ana mifuko miwili."

Kwenye kinu cha upepo alivunja. Shuleni akakosa, na sikumshangaa, kwani shuleni hakuna dereva anayepita moja kwa moja, hata kwa mawazo, hata Jumamosi. Kiwanda cha maziwa akavunja, nyumba ya wazee akavunja, na akaendelea hivyo akiteremka kuelekea baharini, kituo kimoja baada ya kingine. Kwenye kona ya duka la mkate upepo uliinua kisahani ghafla akakosa, na safari hii mguu haukuwa na kosa lolote. Baada ya hapo hakukosa tena. Dorthe, aliyepewa kazi ya kuhesabu, alikuwa akikunja vidole.

Kikabaki kisahani kimoja. Alikuwa na kumi na vitatu.

Hapo nikagundua kitu ambacho wengine hawakukijua. Njia ya basi la Tage ina vituo kumi na sita. Tulikuwa tumemaliza kumi na vitano. Cha mwisho ni gatini, na gatini basi husimama kila siku, awepo abiria asiwepo, kwa sababu barabara imeisha. Mbele yake ni nguzo mbili za chuma na maji.

"Gatini," Tage akanong'ona.

Niliona kidole gumba kinaanza kushuka.

Aliishusha bunduki. Hakuwa ameita, kwa hiyo haikuhesabiwa. Alisimama kitambo, upepo ukimpiga koti. Verner alifungua mdomo atoe ushauri, Dorthe akamkanyaga buti.

Tage akainua tena. Safari hii sikusikia ananong'ona nini, ila niliona kisigino cha kulia kikiinuka. Kikainuka zaidi ya nilivyowahi kukiona, hadi mzee mzima amesimama kwa mguu mmoja kama korongo.

"Rusha!"

Nikabonyeza. Kisahani kilitoka kushoto, kikapita mbele yake kwa kasi, bunduki ikakifuata, ikakifikia, ikakipita, mlio ukatoka, na bunduki ikaendelea kwenda, na Tage naye akaendelea kuzunguka hadi nusura ageukie nyuma. Angani palikuwa na wingu dogo jeusi, na upepo ukalichukua.

"Kumi na vinne!" Dorthe akapiga kelele kubwa kuliko Verner alivyowahi kupiga.

Verner alimkumbatia Tage pamoja na bunduki iliyofunguliwa. "Bwana, basi umelipeleka wapi?"

"Baharini," Tage akasema. Alikuwa anahema. "Moja kwa moja. Katikati ya zile nguzo mbili."

"Na abiria?" Rigmor akauliza.

"Walishuka wote kwa Thorborg, mama. Pale nilisimama."

Ndipo Rigmor alipotazama mkono wake, akaona yai limepasuka zamani na ute umemwingia kwenye mkono wa sweta hadi kwenye kiwiko. Mbwa alikuwa ameshauona kabla yake.

Chakula cha mchana Tage alikula nasi, samaki wa siki na pombe kali kidogo, amekaa mahali pake pa zamani karibu na jiko. Kabla hatujaanza nyimbo zetu za mezani alisimama akasema kila mwanachama ana haki ya kumleta mgeni mmoja siku ya kwanza ya Septemba, msimu wa bata ukifunguliwa, na mgeni wake atakuwa daktari wa meno, kwa kuwa buti zimepakwa mafuta na ni dhambi kuziacha zikauke. Dorthe alisema atakuja, ila mdomo wa Tage atauchungulia bila malipo, kwani ameona jino moja la nyuma analotaka kuzungumza nalo.

Walinipa lifti kunirudisha nyumbani. Rigmor aliendesha, Tage akakaa mbele upande wa abiria, mimi nyuma na mbwa. Kwenye njia panda ya kanisani Rigmor aliingia haraka kidogo, na nikaona buti la Tage likishuka kwenye zulia lililotoboka, polepole, mapema, kwa upole uleule wa miaka yote.

"Baba!" Rigmor akasema.

"Niache, mama," Tage akajibu. "Hili ni gari."